Ubuddha Mpya na Mzazi Wake

Pana neno moja ambalo limekwisha kusemwa mara nyingi hata limekuwa kama salamu: kwamba Ubuddha si dini. Husemwa katika kumbi za mihadhara za Ulaya na Marekani. Husemwa na matabibu wawafundishao wagonjwa wao kutulia na kuziangalia pumzi zao. Na husemwa hata na watawa wa Asia wanapoalikwa kuzungumza mbele ya wageni. Kwa maelezo yao, Buddha alikuwa mwanafalsafa, au tabibu wa nafsi, au mtu wa sayansi aliyezaliwa kabla ya zama za sayansi. Hakuleta Mungu, hakuweka makuhani, wala hakumtaka mtu aamini jambo asilolijaribu mwenyewe. Yaliyobaki yote, yaani sanamu, taa, maua, masalio matakatifu, mbingu na jahanamu, hesabu ya thawabu na kuzaliwa upya, yasemwa kuwa ni vumbi lililoiangukia lulu kwa karne 25. Kazi ya mtu wa leo, kwa maoni hayo, ni kupangusa.

Maneno haya ni matamu, na utamu wake ndio upasao kutiliwa shaka. Lulu ambayo kila aishikaye huiona inafanana na fikira zake mwenyewe yaelekea kuwa si lulu, bali kioo.

Shtaka liletwalo hapa si kwamba Ubuddha huu ni mpya. Hakuna dini iliyoishi muda mrefu isiyobadilika, na Ubuddha umebadilika kuliko nyingi: ulivuka Himalaya ukajifunza lugha ya Tibet, uliingia China ukavaa majoho ya China, ulifika Japani ukawa madhehebu yasiyohesabika kwa vidole. Shtaka ni kwamba huyu mpya adai hana mzazi. Asema ametoka moja kwa moja kwa babu wa karne ya 5 kabla ya Kristo, akiviruka vizazi vyote vilivyomlea. Kisha awageukia walezi wake na kuwaita wajinga.

Kuzaliwa kwake kuna tarehe na mahali. Kisiwa cha Sri Lanka, ambacho hadi mwaka 1972 kiliitwa Ceylon, kiliangukia chote mikononi mwa Waingereza mwaka 1815 ulipoanguka ufalme wa Kandy. Mkataba wa mwaka ule uliahidi kuilinda dini ya Buddha. Wamisionari waliona ahadi hiyo kuwa fedheha kwa serikali ya Kikristo, wakapiga kelele mpaka London, na serikali ikajiondoa katika ulinzi huo hatua kwa hatua. Shule zenye manufaa zilikuwa za misheni. Kijana wa Kisinhala aliyetaka kazi ya ukarani alipita katika mlango wa kanisa. Watawa hawakukaa kimya. Mwaka 1873, katika mji wa Panadura, mtawa Migettuwatte Gunananda alisimama kwa siku mbili mbele ya maelfu ya watu akajadiliana na wahubiri wa Kikristo, na wengi waliomsikiliza waliondoka wakisema ameshinda. Habari za mjadala ule zilichapwa kwa Kiingereza, zikafika Marekani mikononi mwa Kanali Henry Steel Olcott, mmoja wa waanzilishi wa Jumuiya ya Theosofia. Mwezi Mei 1880 Olcott alitua kisiwani pamoja na Helena Blavatsky, na huko Galle wote wawili wakazitamka amri tano za Buddha hadharani.

Mwaka uliofuata Olcott alitoa kitabu kilichoitwa Katekisimu ya Kibuddha. Jina lenyewe latosha kuwa ushahidi. Mgeni ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili tangu aingie katika imani ile aliwaandikia wenyeji wake maswali na majibu ya dini yao, kwa mfano wa vitabu vilevile vya misheni ambavyo alikuja kupambana navyo. Mtawa mkubwa Hikkaduve Sumangala alikipitia na kukiidhinisha, kikaingia mashuleni. Zikafuata shule za Jumapili, na bendera ya mwaka 1885, na vyuo, na vyama vya vijana vilivyoigwa kwa jina na kwa muundo kutoka vile vya Kikristo. Hapana haja ya kuwacheka watu hawa. Mtu aliyevamiwa hushika silaha iliyo karibu, na aghalabu iliyo karibu ni ile iliyoangushwa na adui.

Walakini silaha humfundisha aishikaye namna ya kusimama. Pamoja na katekisimu kilikuja kipimo cha siri: kwamba dini ya kweli ni ile yenye mwanzilishi mmoja, kitabu, kanuni ziwezazo kuandikwa kwa nambari, na mfuasi aielewaye kwa kichwa chake mwenyewe, na kwamba isiyo hivyo ni ushirikina. Mwanamke wa kijijini apelekaye maua penye mti wa Bodhi huko Anuradhapura, mti ambao mapokeo yasema ulitoka katika tawi lililoletwa na Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliitwa mwabudu miti na wamisionari. Baada ya miaka thelathini aliitwa vilevile na mpwa wake mwenyewe aliyesoma Colombo. Hakikubadilika kitu isipokuwa lugha ya tusi.

Mpwa huyo apata umbo lake kamili katika Anagarika Dharmapala. Alizaliwa mwaka 1864 akiitwa Don David Hewavitarne, mtoto wa mfanyabiashara, akasomeshwa katika shule za Kikristo, akalitupa jina lile na kujipa jipya lenye maana ya Mlinzi wa Dharma. Mwaka 1891 alianzisha Jumuiya ya Maha Bodhi ili kuikomboa Bodh Gaya, mahali Buddha alipopata nuru, na mwaka 1893 alisimama katika Bunge la Dini za Dunia huko Chicago akawaambia Wamarekani kwamba mafundisho ya Buddha yaafikiana na nadharia ya mageuko ya viumbe. Alikuwa jasiri, na nchi yake yamdai shukrani. Lakini yeye huyu aliyewapendeza Wamarekani kwa dini ya akili alirudi nyumbani akiwa na dini nyingine ya asili safi, iliyowatazama Waislamu na Watamil wa kisiwani kama uchafu ulioingia nyumbani mwa Wasinhala. Hizo si dini mbili, ni moja. Mtu akishaamini kwamba kiini ni safi na yaliyoongezeka ni takataka, haitakuwa shida kwake kuhama kutoka katika kufagia ibada hadi kufagia watu. Mwezi Juni 2014, huko Aluthgama, mikutano ya watawa wa siku hizi iliyohubiri usafi wa namna hiyo ilimalizika kwa nyumba na maduka ya Waislamu kuchomwa moto. Mwenye kukaa juu ya mto wa taamuli huko California aweza kusema kwamba hao si Wabuddha wa kweli. Na asema hivyo kwa hoja ileile waitumiayo wao: kwamba yeye ndiye ajuaye Ubuddha wa kweli ni upi.

Japani ilipita njia ya jirani. Serikali mpya ya mwaka 1868 iliitenga ibada ya Shinto na ile ya Buddha, mahekalu mengi yakavunjwa, na mwaka 1872 watawa wakaruhusiwa kisheria kula nyama, kuoa na kufuga nywele. Waliobaki walijitetea kwa kusema kwamba dini yao si ya sanamu bali ya falsafa. Kutoka huko D. T. Suzuki aliwapelekea wasomaji wa Kiingereza Zen isiyo na kengele wala mazishi, ilhali nyumbani mahekalu ya Zen huishi kwa mazishi.

Hapa msomi wa chuo kikuu ainua mkono na kusema: hayo yote yanajulikana. Naam, yanajulikana. Gananath Obeyesekere aliyaita Ubuddha wa Kiprotestanti tangu mwaka 1970, na jina hilo limekuwa mhuri upigwao juu ya kila jambo. Lakini jina lililokuwa taa limegeuka kuwa pazia. Kwa wasomi wengi waliofuata, kila lililo jipya katika Ubuddha limetoka Ulaya, na Mbuddha wa Asia hakufanya lolote kwa karne mbili isipokuwa kuiga. Hii nayo ni dharau, ila imevaa joho la mahafali. Mfuasi wa Ubuddha mpya humwambia bibi wa kijijini kwamba hajui dini yake. Msomi humwambia mtawa kwamba hajui kuwa fikira zake si zake. Wote wawili wamekubaliana kwamba mapokeo yenyewe ni kitu kilicholala, kisichoweza kujiamsha.

Burma, ambayo tangu mwaka 1989 huitwa Myanmar, yawakanusha wote wawili kwa pamoja, na yafaa kukaa hapo kitambo.

Mwaka 1871 Mfalme Mindon aliwakusanya watawa wa Mandalay wayasome na kuyasahihisha maandiko matakatifu yote, na maandiko hayo alikuwa amekwisha kuyachongesha katika mabamba 729 ya marumaru ambayo yangali yamesimama mpaka leo, kila moja katika kibanda chake cheupe. Mtu hachongi kitabu juu ya mawe kwa kujifurahisha. Mindon alikuwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa na hesabu. Wafafanuzi wa kale walifundisha kwamba sasana, yaani mafundisho ya Buddha pamoja na jamii iyashikayo, itadumu miaka 5000 tu, ikipungua ngazi kwa ngazi. Na kwamba katika vitabu, cha kwanza kutoweka kitakuwa Abhidhamma, elimu ngumu ichambuayo nafsi na viumbe kuwa chembechembe, kuanzia fungu lake la mwisho liitwalo Patthana. Mlinzi wa sasana alikuwa mfalme. Novemba 1885 Waingereza waliiteka Mandalay, wakamchukua Mfalme Thibaw wakampeleka uhamishoni India. Kwa Mbuddha wa Burma siku ile haikuwa mwisho wa utawala tu. Ilikuwa ni ukuta kuanguka katika nyumba ambayo tayari ilikuwa imetabiriwa kuoza.

Katika nchi hiyo alikuwapo Ledi Sayadaw, aliyezaliwa mwaka 1846 na kusoma Mandalay zama za Mindon. Alifanya jambo ambalo halikuwa na mfano kwa ukubwa wake: alizunguka nchi akiwafundisha Abhidhamma wakulima, makarani na wanawake wa sokoni, kwa lugha yao na kwa vitabu vidogo vya bei nafuu. Akawaambia kwamba kila mmoja wao aweza kulitazama umbo la nafsi yake na kuliona likizuka na kufa kila dakika, bila kungoja kuwa mtawa wala kujificha msituni. Kwa nini alifanya hivyo? Si kwa sababu alisoma kitabu cha Kizungu. Ni kwa sababu kilichotabiriwa kutoweka kwanza kilipaswa kuwekwa kwanza katika vifua vya watu wengi, maadamu mfalme hayupo. Taamuli ya watu wote, ambayo leo yasifiwa kwamba imeivua dini magamba ya utabiri na usomi mkavu, ilitoka tumboni mwa utabiri, na mkunga wake alikuwa usomi mkavu kuliko wote.

Baada ya hapo ipo silsila, na msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ajuaye maana ya ijaza katika tarika hatapata taabu kuifuata. Ledi alimruhusu Saya Thetgyi, mkulima, afundishe. Thetgyi alimfundisha U Ba Khin, aliyepata kuwa Mhasibu Mkuu wa serikali ya Burma huru mwaka 1948. U Ba Khin alimfundisha S. N. Goenka, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyezaliwa Mandalay mwaka 1924, naye akaipeleka njia hiyo India mwaka 1969 na kutoka huko duniani kote. Katika tawi jingine, Mahasi Sayadaw alifungua mlango wake Rangoon mwaka 1949. Vijana wa Marekani waliofunzwa na matawi hayo walianzisha kituo cha taamuli huko Barre, Massachusetts, katika miaka ya 1970. Na mwaka 1979, katika jimbo hilohilo, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika hospitali ya chuo kikuu mafunzo ya majuma nane kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyopona.

Katika safari hiyo iliyochukua muda usiozidi karne moja, kila kituo kiliteremsha mzigo. Mfalme aliteremshwa na Waingereza. Joho la manjano liliteremshwa Burma kwenyewe, mwalimu alipokuwa mhasibu. Kuzaliwa upya kuliteremshwa njiani, pasipo kelele, kama abiria aliyeshuka usiku. Mwishowe liliteremshwa jina la Buddha lenyewe, na kilichobaki ni pumzi, ambayo makampuni huwalipia wafanyakazi wao wafundishwe kuiangalia ili wavumilie kazi zao.

Mgonjwa wa mgongo aliyekosa nafuu katika dawa akaipata katika pumzi zake hadaiwi na mtu yeyote aamini ngazi 31 za viumbe. Apone, na aende zake kwa amani. Ubaya waanza pale mwalimu wake asemapo kwamba alichopewa ndicho kiini, na kwamba walichonacho watu wa Mandalay ni maganda. Nani aliyemwambia? Kama maganda yangetupwa mwaka 1885, leo kiini kingepatikana wapi?

Goenka mwenyewe alisisitiza mpaka kifo chake mwaka 2013 kwamba hafundishi dini. Lakini aingiaye katika mafunzo yake ya siku 10 haulizwi ada. Chakula na malazi hulipwa na sadaka za waliomtangulia, na hiyo ni dana, adabu ya kutoa ambayo ni ya kale kuliko maandiko. Alfajiri husikia sauti ya mwalimu ikiimba kwa Kipali. Hula amri tano kama kiapo kabla hajaruhusiwa kuketi. Mzazi aliyekanwa mlangoni yumo jikoni, anapika.

Wenye Ubuddha mpya wanalo andiko walipendalo kuliko yote, mahubiri kwa Wakalama, watu wa mji wa Kesaputta, ambayo hutajwa kama hati ya uhuru wa akili. Mtu asilikubali jambo kwa kuwa limevuma, au limepokewa kwa wahenga, au limo katika vitabu: mpaka hapo hulieleza sawasawa. Lakini orodha ile yaendelea, na mwendelezo wake hausikiki mara nyingi majukwaani. Mtu asilikubali jambo vilevile kwa hoja ya mantiki peke yake, wala kwa kukisia, wala kwa kuwa laafikiana na maoni aliyokwisha kuwa nayo. Akili ya msomaji wa kisasa, aliyodhani imevikwa taji, imewekwa katika safu moja na uvumi! Kipimo kitolewacho baada ya hapo ni matunda ya tendo, kama lazidisha tamaa, chuki na upumbavu au lavipunguza; na pamoja na hicho ni hukumu ya wenye hekima, walisifuo au walilaumuo. Wenye hekima hao ni nani, kama si watu waliotangulia katika njia? Tena Wakalama hawakuwa wanafunzi wa Buddha. Walikuwa watu waliochoshwa na wahubiri wapitao, kila mmoja akiyasifu yake na kuyatukana ya wenzake. Ajabu ni kwamba andiko lililotolewa kuwaponya watu na ugonjwa huo ndilo litumiwalo leo kuueneza.

Yupo mtu aliyebadilisha zaidi ya hao wote, na hakufanya hila hii. B. R. Ambedkar alizaliwa katika tabaka lililoitwa najisi na Wahindu, akawa mwanasheria na mwenyekiti wa kamati iliyoandika katiba ya India. Tarehe 14 Oktoba 1956, huko Nagpur, aliingia katika Ubuddha pamoja na laki kadhaa za watu wake. Kitabu chake juu ya Buddha, kilichotoka mwaka 1957 baada ya kifo chake, hakikuficha kisu. Hadithi ya mwanamfalme aliyetoka nyumbani kwa sababu aliona mzee, mgonjwa na maiti aliikataa, akauliza inawezekanaje mtu wa miaka 29 awe hajapata kuona mambo hayo. Mahali pake aliweka ugomvi wa maji ya mto Rohini baina ya Wasakya na Wakoliya. Zile kweli nne, ambazo kila katekisimu yaanza nazo, alizitilia shaka waziwazi, kwa kuwa aliyewahi kuonewa hawezi kupokea fundisho liwezalo kumwambia kwamba mateso yake ni malipo ya matendo ya maisha yaliyopita. Mtu aweza kusema kwamba Ambedkar amekosea katika usomi wake, na wengi wamesema. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba alijificha. Aliuweka ugomvi wake na mapokeo katika dibaji, penye mwanga, akalitumia jina la Navayana, yaani gari jipya. Na siku ile ya Nagpur, kabla hajawaapisha watu wake viapo 22 alivyovitunga mwenyewe, alizipokea amri tano kutoka kinywani mwa mtawa mzee wa Burma, U Chandramani. Mvunjaji mkubwa kuliko wote aliinamisha kichwa mbele ya joho la manjano. Alijua tofauti ya kugombana na mzazi na kumkana.

Jambo hili lisingekuwa na uzito mkubwa kama lingekuwa ugomvi wa vitabu. Laonekana uzito wake mahali pamoja hasa, nalo ni mlango wa utawa kwa wanawake.

Silsila ya bhikkhuni, watawa wa kike wenye daraja kamili, iliingia Sri Lanka pamoja na Sanghamitta, ikakatika huko karne ya 11, wakati wa vita na utawala wa Wachola kutoka kusini mwa India. Tangu mwanzo wa karne ya 20 wanawake wa kisiwa walinyoa vichwa, wakavaa manjano na kushika amri kumi, lakini hawakuhesabiwa katika jamii ya watawa. Walipoomba daraja kamili waliambiwa kwamba kanuni yataka mwanamke atawazwe na watawa wa kike na wa kiume pamoja. Na kwa kuwa watawa wa kike hawapo, hawawezi kupatikana tena. Kilichokatika kimekatika.

Yafaa kuwaangalia waliotoa jibu hilo. Ni viongozi wa jamii ileile iliyopokea mashine za kupiga chapa, shule za Jumapili, katekisimu ya kanali na vyama vya vijana, na kila kimoja kilipokewa pasipo kuulizwa kama kimo katika kanuni za kale. Tena ni jamii ambayo silsila yake ya kiume nayo ilikwisha kukatika. Katika karne ya 18 hapakuwa na mtawa mwenye daraja kamili aliyebaki kisiwani. Mfalme wa Kandy aliomba msaada Siam, na mwaka 1753 mtawa Upali pamoja na wenzake wakaja wakalitawaza kundi jipya. Ndiyo maana madhehebu makubwa ya kisiwa hicho yaitwa Siam Nikaya hata leo. Wanaume walipokatikiwa, dawa ilikuwa ni jahazi. Wanawake walipokatikiwa, dawa ilikuwa ni subira.

Upande wa pili wana jibu, na haki yadai litajwe. Watawa wa Siam walikuwa wa Theravada, wenye kanuni moja na wenyeji wao, ilhali watawa wa kike waliobaki duniani wenye silsila isiyokatika ni wa China, Korea na Vietnam, ambao hufuata kanuni za shule nyingine ya kale, Dharmaguptaka. Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini huyo bhikkhuni wa China alipata wapi daraja yake? Kumbukumbu za China zasema kwamba katika karne ya 5 walifika kwa bahari watawa wa kike kutoka kisiwa cha Wasinhala, wakiongozwa na mmoja aliyeitwa Devasara, wakawatawaza wanawake wa China kwa mara ya kwanza kwa utaratibu uliotimia. Amana ile ilitunzwa na wageni kwa zaidi ya miaka 1500. Wenye mali waliipoteza. Mweka amana alikuwa nayo.

Na wenye Ubuddha mpya wa Magharibi walikuwa wapi katika shauri hili? Wengi walilipongeza kwa jina la usawa, lakini maneno yao hayakuwa na nguvu, kwa kuwa walikwisha kufundisha kwamba joho, daraja na silsila ni maganda. Asemaye kwamba mlango si kitu hawezi kumsaidia aliyefungiwa nje. Mwanamke wa Sri Lanka hakuwa akitaka kuambiwa kwamba aweza kutafakari nyumbani kwake. Hilo aliweza tangu zamani. Alitaka kuingia katika silsila. Hata kuitaja haki yake kulihitaji kwamba Sanghamitta, Devasara na vizazi vyote vya katikati wawe watu kweli, si vumbi juu ya lulu.

Waliomfungulia walikuwa ni watu waliojua mapokeo vizuri kiasi cha kujua wapi yana mlango mwingine. Desemba 1996 wanawake 10 wa Sri Lanka walitawazwa huko Sarnath kwa msaada wa watawa wa Korea. Februari 1998, huko Bodh Gaya, jumuiya ya Fo Guang Shan ya Taiwan iliandaa utawazo mkubwa, na wenzao zaidi wakaingia. Mapokeo yasema kwamba Buddha mwenyewe aliwahi kuwapa watawa wa kiume idhini ya kuwatawaza wanawake, zamani ambapo hapakuwa bado na watawa wa kike. Kwa hiyo, baada ya Bodh Gaya, watawa wa kiume wa Theravada waliwachukua wanawake wale mpaka Sarnath, wakawatawaza mara ya pili kwa kanuni ya Kipali, ili asipatikane mwenye kusema kwamba wao ni wa shule ya kigeni. Mwaka huohuo hekalu la Dambulla, lililo ndani ya Siam Nikaya yenyewe, lilianza kuwatawaza wengine katika ardhi ya kisiwa, kwa mara ya kwanza baada ya karne tisa hivi. Wakuu wa Kandy hawajawakubali. Wao huamka alfajiri, huchukua mabakuli yao, na wanavijiji huwatilia wali.